Masikio Matatu, Kidabaga

Nilipanda Kidabaga na vinasa sauti vitatu
ndani ya mfuko wa mbolea, nimevifunga kwa sweta:
simu yangu yenye ufa;
redio kaseti ya marehemu baba, nzito kama tofali bichi,
inayokula betri nne kubwa na kuomba nyingine;
na kile cheusi kidogo cha kwaya
alichoniazima Nyaulingo, mtunza hazina,
kwa masharti, kwa saini, kwa kunitazama mikono.
"Hiki," alisema, "husikia hata noti ikikunjwa."

Nilitaka sauti moja tu:
tone la ulanzi likianguka ndani ya mbeta
saa nane usiku, ukungu umelalia milanzi,
mbwa hawana habari.
Ukitaka kupima sikio, usilipigie ngoma.
Ngoma hata kiziwi huisikia kwa nyayo.
Lipe tone.

Bibi Semfilinge aliniachia shina lake la bondeni,
alilolichonga jioni kwa kisu kilicholika hadi kikawa jani.
Nikavipanga vyote vitatu juu ya gogo,
hatua moja kutoka kwenye mbeta,
nikabonyeza, nikabonyeza, nikabonyeza,
nikaondoka kwa ncha za vidole
kwenda kulala jikoni kwake, ubavuni mwa majivu.

Asubuhi nikavaa hedifoni.

Simu kwanza. Simu ina adabu ya mjini:
kisichokuwa neno la mtu hukiita kelele, hukifuta.
Masaa matatu ya kimya kilichopigwa deki.
Tone halimo. Ukungu haumo.
Hata nyayo zangu nikiondoka hazimo.

Kaseti ilivuma.
Ilivuma kama mafuta yanayosubiri vitumbua,
ikajirekodi yenyewe, mota yake na uzee wake,
dakika arobaini na tano, kisha mkanda ukaisha: tak.
Ndani ya uvumi ule, mbali, to... to...
kama mtu anayebisha hodi nyumba ya pili.
Niliipenda kwa hilo.
Lakini kupenda si kupima.

Cheusi cha kwaya —
jamani.
To.
Na nyuma ya to, mwangwi mfupi wa tumbo la mwanzi,
unaopanda kidogo kidogo kadiri mbeta inavyojaa.
Nilisikia ukungu ukichuruzika majanini.
Nilisikia mchwa, au moyo wangu; sikuhakikisha.
To. To.
Kisha, saa tisa na dakika kumi na mbili,
pe.

Pe. Pe.
Tone lilikuwa linaanguka juu ya jani.
Mbeta haikuwa mahali pake.
Gu. Gu. Pumzi. Gu.
Halafu kikohozi kikavu cha kusafisha koo,
kile kile kinachotangulia besi kila Jumapili
kabla ya ubeti wa pili.

"Nipe na mimi," Bibi akasema.
Nikamvisha juu ya kilemba.
Alisikiliza amefumba macho, kiganja shavuni,
akaanza kucheka kwa mabega tu.
"Miaka minane," akasema, "namsingizia komba."

Kisha akavua, akanirudishia kwa mikono miwili.
"Na wewe unataka kununua kama hicho?"
"Ndicho bora, Bibi."
"Bora kwa tone. Na kwa watu je?
Tukisikika hivi, nani atamsalimia nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na bei tu,
na bei yenyewe ilikuwa ng'ombe na ndama wake.

Jumamosi nikakirudisha.
Nyaulingo alikigeuza, akahesabu betri,
akapuliza vumbi ambalo halikuwapo.
"Kilisikia vizuri?"
"Vizuri mno, Mzee."
Akasafisha koo.

Kwenye rekodi niliyoihifadhi nimekata sekunde kumi na moja:
gu, gu, pumzi, gu, na koo.
Zile pe za jani nimeziacha.
Atakayesikiliza atadhani ni mvua.